Chupa ya Kitanda cha Dirishani

Mkuu wa kituo hakumzungusha Inspekta. Alimwambia simu zimekuwa nyingi, wakubwa wameanza kuuliza, na kabla ofisi hazijafungwa siku ile anataka yule daktari wa kike awe amekaa kwenye benchi la kituo, kamba za viatu vyake zikiwa ndani ya bahasha.

"Nenda hospitali ukamchukue," alisema. "Maswali yako utamuulizia hapa."

Inspekta alikuwa mwanamke mnene kidogo, mpole wa sauti, na pale kituoni walimwita Kwa Nini, maana hakuna jambo aliloambiwa akalipokea bila kuuliza hivyo. Aliitika "Ndiyo, Afande," akatoka, na pingu akaziacha kwenye droo. Si kwamba alimwonea huruma daktari. Alikuwa amesoma maelezo ya mlalamikaji na nywele zikamsisimka. Ila hakupenda kumkamata mtu ambaye bado hajamtazama usoni.

Inspekta alimkuta mlalamikaji kwenye korido ya wodi ya wanaume, amekaa wima kwenye benchi la mbao, kofia juu ya goti, shati limepigwa pasi utadhani anangoja mkaguzi wa shule. Alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, na hapo hospitali kila mtu alimwita Mwalimu. Mkwewe, mume wa binti yake, fundi wa kukata vioo mwenye duka lake mwenyewe, alikuwa amelazwa chumba cha mahututi, oksijeni puani, na mashine ikimsafishia damu kwa kuwa figo zilikuwa zimegoma.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kumchukua?"

"Nimekuja kusikiliza kwanza."

"Niliandika yote."

"Nimesoma. Nataka nisikie kwa mdomo wako."

Mzee alisimulia vizuri, kama mtu aliyezoea kusimama mbele ya watu. Mkwewe aliletwa tumbo linamkata, amejikunja, hata kusimama hawezi. Wakaambiwa kongosho lake limevimba, chanzo ni kijiwe kilichoteleza kutoka kwenye kifuko cha nyongo kikaziba njia. Jioni ileile daktari akamwita yeye na binti yake pembeni.

"Akasema nini hasa?"

"Akasema, 'Jiandaeni. Kesho au keshokutwa figo zake zinaweza kuchoka, na baada ya figo, mapafu.' Hivyo hivyo. Na mgonjwa wakati huo anaongea! Anauliza habari za duka lake! Sasa wewe ni polisi, niambie. Mtu anaongea, mwenzake anataja kiungo kitakachokufa kesho, kisha anataja kitakachofuata, na vinakufa kwa mpangilio uleule. Amejuaje?"

"Ndilo swali langu pia."

"Na sindano alimchoma kwa mkono wake. Wauguzi wapo. Kwa nini daktari achome?"

Inspekta alilipenda swali lile, lilikuwa la aina yake. "Na kesho yake, kabla hajazidiwa, alikuwaje?"

"Siku hiyo nilishinda naye mimi. Binti yangu ana mtoto mchanga, ilibidi arudi nyumbani. Alikuwa vizuri tu." Mzee akaiangalia kofia yake. "Waulize wauguzi. Hata ile chupa ilijaa."

"Chupa gani?"

"Ile ya... Samahani, mwanangu, nipe dakika moja."

Akainuka, akaelekea chooni kwa mwendo wa haraka kuliko umri wake. Inspekta akamsindikiza kwa macho. Aliporudi aliulizwa nani mwingine alimsogelea mgonjwa siku hiyo, akasema hakuna. Akaulizwa sindano ilikuwa ya rangi gani, hakujua. Akaulizwa daktari na mkwewe walijuana kabla, na hapo hapo akainuka tena, samahani mwanangu, akaondoka.

Watu wanaotoka katikati ya maswali walimtia Inspekta wasiwasi tangu alipokuwa konstebo. Wengine hutoka kwenda kupiga simu, wengine kwenda kupanga jibu. Mwalimu alikuwa na jibu la kila kitu, isipokuwa chupa. Inspekta akamweka akilini kwenye foleni moja na daktari, akaenda kumtafuta daktari.

Daktari alikuwa kwenye chumba cha chai cha watumishi, koti jeupe amelikunja mezani, mkoba miguuni. Alikuwa amesimamishwa kazi asubuhi ile. Wauguzi walimpachika jina la Mtabiri, mwanzoni kwa utani, lakini sasa walilitaja kwa kunong'ona, na kikombe chake kilikuwa kimetengwa peke yake ukingoni mwa sinki.

"Wewe ndiye Mtabiri?"

"Hilo jina waulize waliolitunga."

"Sindano uliichoma mwenyewe. Kwa nini?"

"Kwa sababu muuguzi alikuwa mmoja na wodi ilikuwa imejaa, na yule mtu alikuwa anauma shuka kwa maumivu. Ni dawa ya maumivu. Ni kali, inafungiwa kabatini. Kichupa kitupu nilikirudisha kwenye boksi mbele ya muuguzi."

"Nitakitafuta."

"Kitafute."

"Na hizo figo, ulijuaje?"

"Sikujua. Nilijumlisha." Daktari akavuta sukari, kijiko, na vikombe viwili mbele yake kama mtu anayetaka kufundisha, kisha akaviacha. "Ugonjwa huu wengi wanapona. Unawapa maji ya dripu na dawa ya maumivu, wanarudi nyumbani wanalaumu chakula. Wachache wanageuka. Kongosho linaanza kujila lenyewe, mwili mzima unapata moto. Maji yanatoroka kwenye mishipa, yanaingia tumboni na kifuani, damu inabaki nzito. Figo hazipati cha kuchuja. Mapafu yanalowa. Ukingoja mpaka uone hayo kwa macho, umechelewa. Kwa hiyo unatafuta dalili ndogondogo mapema."

"Kama zipi?"

"Moyo unakimbia. Pumzi fupifupi. Uchafu ambao figo zingeutoa unaanza kubaki kwenye damu. Picha ya kifua inaonyesha maji kidogo chini ya pafu. Na kuchanganyikiwa."

"Mwalimu anasema mgonjwa alikuwa anaongea vizuri. Anauliza habari za duka."

"Aliniuliza mimi kama mteja ameshachukua kioo chake. Alidhani yuko dukani na mimi ndiye msaidizi wake." Daktari hakutabasamu. "Dalili moja peke yake si kitu. Zikikutana zote kwa mtu mmoja, simlazi wodi ya kawaida. Nikaomba apelekwe mahututi usiku ule. Daktari bingwa, mkubwa wangu, akakataa. Kitanda kilichobaki ni kimoja, na mkojo wa mgonjwa ulikuwa kidogo, lakini akasema mtu amekuja na kiu, tumpe maji ya dripu, tungoje mkojo wa kesho."

"Kwa nini mkojo?"

"Figo zikianza kuchoka, mkojo ndio wa kwanza kupungua. Nikakubali. Kesho yake jioni chupa ikaja imejaa. Bingwa akanicheka mbele ya wodi nzima. Akasema nirudi shule, niache kupiga ramli."

Hapo palikuwa na kitu ambacho mkuu wa kituo angekipenda sana.

"Unachekwa mbele za watu," alisema polepole, "na usiku uleule utabiri wako unatimia. Unaona inavyoonekana?"

"Naona. Ningekuwa wewe ningenishuku. Nilikwenda nyumbani nikalia, nikakubali nimekosea. Kila nilichopima kilisema ndiyo, mkojo peke yake ukasema hapana. Nikauamini mkojo."

"Ulitoka saa za kazi zilipokwisha?"

"Muulize mlinzi wa getini. Niliitwa alfajiri, mambo yameshaharibika."

Mlinzi wa getini aliulizwa, akakubali. Alimwona daktari akitoka jioni macho mekundu, na hakumwona tena mpaka alfajiri alipoletwa na gari la hospitali akiwa bado na kandambili miguuni. Kabati la dawa nalo likafunguliwa mbele ya Inspekta. Kichupa kilikuwepo, tarehe ni ileile, lebo ni ileile, na muuguzi aliyeshuhudia alikuwa ametia sahihi. Inspekta akakinusa, ingawa hakujua ananusa nini, akakitia kwenye mfuko wa ushahidi. Njia ile ilikuwa imefika ukutani.

Bingwa hakumpa kiti. Alikuwa mtu nadhifu, mkono wa shati umekunjwa sawasawa pande zote mbili, na alizungumza huku akitazama mlango.

"Figo za mtu hazifungi duka ghafla namna ile," alisema. "Jioni chupa nzima, alfajiri hakuna hata tone. Kati ya jioni na alfajiri kuna kitu kiliingia kwenye mwili wa yule bwana. Mimi si polisi, lakini nina akili zangu."

"Kwa hiyo unamshuku daktari wako."

"Sikutaja mtu. Nasema ugonjwa hauendi hivyo."

"Na wewe kwa nini hukumpeleka mahututi?"

"Mkojo ulikuwa mzuri. Ukiniuliza mara mia nitakujibu hivyohivyo."

"Uliuona?"

Kwa mara ya kwanza Bingwa akamtazama. "Niliusoma kwenye karatasi ya mgonjwa. Unataka bingwa achungulie chupa za watu?"

Inspekta akashukuru, akatoka. Kwenye korido alisimama karibu na dirisha, akajipigia hesabu yake. Moyo ulisema mgonjwa anageuka. Pumzi zilisema vivyo hivyo, na damu, na picha ya kifua, na kichwa chenyewe kilichopotea njia kikarudi dukani. Mashahidi wote hao wanasema neno moja, anatokea mmoja anasema kinyume, na hospitali nzima inamwamini huyo mmoja. Kituoni wangemkamata huyo kwanza. Nani basi alimleta shahidi huyo, na alitoka naye wapi?

Muuguzi wa zamu ya mchana alikuwa binti mdogo mwenye maneno mengi, na alifurahi kuulizwa. Alimpeleka Inspekta mpaka kitanda cha dirishani, ambacho sasa kilikuwa kimeshapata mgonjwa mwingine, kijana aliyevunjika mguu, akicheza muziki kwenye simu. Vyuma vya pazia vilikuwepo, pazia lenyewe halikuwepo.

"Lilipelekwa kufuliwa," muuguzi alisema. "Wiki hiyo hatukuwa na pazia hata moja. Watu wanavaa, wanavua, wote tunaonana. Tumezoea."

"Mkojo anapima nani?"

"Ndugu. Sisi tuko wachache, Inspekta. Ndugu anamshikia chupa, akishamaliza anatuonyesha, mimi nasoma mstari naandika, anakwenda kumwaga."

"Siku ile ndugu alikuwa nani?"

"Yule mzee, Mwalimu. Masikini, ana heshima zake! Kiti alikigeuza, akakaa siku nzima amempa mkwewe mgongo, anatazama ukuta. Nikamwambia, mzee, utaumwa shingo. Wapi!" Akacheka, akaziba mdomo. "Mimi nilikuwa nasimama pale katikati nauliza, 'Mwalimu, mkweo amekojoa?' Anageuka rangi. Ananijibu, 'Bado,' huku anatazama feni. Nikamwambia daktari anautaka ule mkojo leo leo, usipopatikana tutamwekea mpira wa kutolea mkojo. Baadaye ndiyo akaniletea chupa, imejaa, ameifunika na leso."

"Ulikuwa wa rangi gani?"

"Mweupe. Msafi kabisa, kama maji ya bomba. Nikafurahi."

"Mgonjwa mwenyewe alikuwaje?"

Furaha ya muuguzi ikapungua. "Midomo imepasuka. Ananiomba maji, na kunywa tumemkataza. Ulimi mkavu. Jioni akawa kimya. Wa zamu ya usiku alidhani amelala."

Mke wa fundi alikuwa nje ya chumba cha mahututi, mtoto amempakata, anamnyonyesha huku amesimama, macho kwenye kioo cha mlango. Inspekta akampa pole, akamshika mtoto mguu, akauliza jambo moja tu. Siku ya kwanza, yeye alipokuwa anamshikia mumewe chupa, mkojo ulikuwaje?

"Kidogo. Mweusi kama chai ya rangi. Nilimwonyesha daktari, akakunja uso."

"Na mumeo na baba wanaelewana?"

"Mno. Tatizo lao ni kuheshimiana." Akacheka kidogo, machozi yakamtoka hapo hapo. "Baba akija kwetu, mume wangu hata miayo hapigi. Choo chetu kiko karibu na sebule. Baba akikaa sebuleni, mwenzangu anabana mpaka mgeni aondoke. Nilijua siku ile atapata shida. Lakini ningefanyaje, Inspekta? Mtoto alikuwa na homa."

"Usijilaumu, mama. Rudi ndani ukae naye."

Mwalimu alikuwa palepale kwenye benchi. Alipomwona Inspekta akasimama, lakini si kwa ajili yake. Alikuwa anaelekea chooni.

"Twende wote," Inspekta alisema, "nikungoje mlangoni."

Alipotoka, mikono ikichuruzika maji, Inspekta alikuwa ameegemea ukuta.

"Mwalimu, unatumia dawa gani?"

"Mimi? Ya presha. Ya siku nyingi."

"Ile ya kukojoza?"

"Ndiyo. Usumbufu mtupu. Hainiachi nikamaliza hata sala." Akatabasamu kwa aibu, kisha tabasamu likamkaa vibaya usoni, kwa sababu Inspekta hakutabasamu.

"Siku ile kwenye chupa, Mwalimu. Ule mkojo ulikuwa wa nani?"

Mzee alitazama juu, lakini kwenye korido hakukuwa na feni. Mhudumu akapita na toroli la mashuka, wakampisha.

"Mimi si muuguzi," Inspekta alisema. "Na hapa tuko wawili tu."

"Yule binti," mzee alianza, sauti imeshuka, "umri wa mjukuu wangu, anasimama katikati ya watu anapaza sauti. Amekojoa? Hajakojoa? Na mkwe wangu pale amejifunika shuka usoni. Mwanamume mzima. Mimi nimemwoza binti yangu, nitamwuliza nini? Nitamshikia nini? Nilimwekea chupa karibu, nikageuka, nikangoja. Nikasikia kimya. Nikajua anaona haya kwa ajili yangu. Kisha binti anarudi, anasema watamwingiza mpira. Mpira, Inspekta! Pale pale, bila pazia!"

"Ukaichukua chupa."

"Nikaenda nayo humu." Akaonyesha mlango wa choo kwa kidole gumba, bila kuutazama. "Sikuiba kitu. Sikumdhuru mtu. Nilimsitiri. Nilipoileta imejaa, mkwe wangu alifunua shuka akaniona, akafumba macho. Nikajua ameshukuru. Mkojo ni mkojo tu, unamwagwa. Sasa huo una uhusiano gani na sindano ya yule mwanamke?"

Inspekta alikuwa amekwisha kuwaambia watu habari nyingi mbaya katika kazi yake, na hii hakuitaka. Alimwonea huruma mzee yule, akamkasirikia pia, vyote kwa pamoja.

"Sindano ilikuwa dawa ya maumivu tu, Mwalimu. Daktari alisoma dalili, akaona mkweo anageuka. Aliomba kitanda cha mahututi, akaambiwa angoje mkojo wa kesho. Chupa ile ndiyo ingeamua. Ingekuja tupu, wangempeleka siku ileile. Ikaja imejaa. Ikawaambia figo ni nzima, wakamwacha pale."

Mzee akayafikiria maneno yale kwa muda. Ilionekana yanaingia moja moja.

"Hakuwa anaona haya," alisema mwishoni.

"Sijui. Labda alikuwa anaona haya pia. Lakini mkojo haukuwepo."

Kofia ikaanguka. Hakuiokota. "Nikawaandikia polisi barua," alisema. "Nikamwita daktari muuaji. Nilikwenda kwa wakubwa niliowasomesha, nyumba kwa nyumba." Akanyoosha mikono yote miwili mbele, viganja juu. "Nichukue mimi basi."

"Sina kosa la kukuandikia, Mwalimu. Ningekuwa nalo ningekuandikia." Inspekta akainama, akaokota kofia, akaipangusa vumbi. "Lakini kuna mtu amekaa chumba cha chai, kikombe chake kimetengwa."

Akatoa simu, akampigia mkuu wa kituo mbele ya mzee. "Afande, benchi litabaki wazi leo. Hapana. Hapana, Afande. Mlalamikaji anafuta maneno yake, na anayafuta mwenyewe. Kwa nini? Nitakueleza nikirudi, uwe umekaa."

Daktari aliwasikiliza bila kuinuka. Mwalimu alisimama mbele yake, mikono imeshika kofia, akasema yote, hata ile leso hakuiacha. Alipomaliza akasema, "Nimekukosea, Daktari," akangoja atukanwe. Inspekta naye alingoja hilo, na asingelizuia.

Daktari alikuwa amebadilika rangi. Alipoongea, alikuwa daktari.

"Siku ile nzima, yeye mwenyewe alikojoa kiasi gani? Ukweli."

"Sijui," mzee alisema. "Sikumtazama."

Daktari akasimama, akavaa koti lake, akafunga vifungo vyote. Inspekta alikumbuka kwamba mtu huyu amesimamishwa kazi, akaamua hilo si la polisi.

"Twende ukamtazame," daktari alisema.

Mlangoni mwa mahututi Bingwa alikuwepo, na Inspekta alibaki naye nje kumweleza shahidi aliyemwamini alitoka choo gani. Kwa kuwa alizungumza taratibu, na Bingwa alikuwa na mengi ya kumeza, kupitia kioo aliweza kuona yote ya ndani. Mke wa fundi alikuwa upande wa kichwani, mtoto mgongoni. Mwalimu alivalishwa joho la kijani, likamfika kwenye viatu. Alisema maneno machache kwa binti yake. Binti akaweka mkono mdomoni, akamgeuzia uso, na ilichukua muda mrefu kabla hajaugeuza tena. Mzee akabaki ameangalia ukuta, kama alivyozoea.

Daktari akamgusa bega, akamwonyesha chini. Pembeni ya kitanda ulining'inia mfuko wa plastiki wenye mistari, na mpira mwembamba uliotoka chini ya shuka ukaingia humo. Inspekta akausukuma mlango kidogo, asikie.

"Soma," daktari alisema.

Mzee akavaa miwani. Akachutama, magoti yakalia, mbele ya binti yake, mbele ya muuguzi, mbele ya wagonjwa wa vitanda vingine, akausogeza uso mpaka ukawa karibu kugusa ule mfuko.

"Kuna kidogo," alisema. "Haujafika mstari wa kwanza."

"Rangi?"

"Mweusi. Kama chai ya rangi."

"Jana hapakuwa na kitu," daktari alimwambia mke wa fundi, na akaandika. "Bado siwaahidi. Figo zinaweza kuamka, zinaweza kulala tena. Mwalimu, unaweza kuinuka sasa."

Lakini Mwalimu hakuinuka. Alikuwa anautazama ule mpira bila kupepesa. Tone lilitembea ndani yake, likasimama kwenye ncha, likadondoka. Mzee akashika ukingo wa kitanda, akajivuta juu mpaka usawa wa sikio la mkwewe, aliyelala macho yamefumba, akasema kwa sauti ya mwalimu mkuu, iliyosikika mpaka koridoni:

"Umekojoa, mwanangu. Nimekuona mwenyewe."